KUULIZA SI UASI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza swali moja tu, tena mbele ya shule nzima, na hadi leo ninachekwa. Wako wanaoniita "Jenerali" nikipita pale kwenye mfereji wa maji wakati wa mapumziko. Basi nimeona heri nichukue kalamu nijitetee, maana cha kusemwa kwa mdomo husahaulika lakini kilichoandikwa hubaki.

Ilikuwa siku ya kutoa zawadi. Mgeni wa heshima alikuwa mtu mkubwa, na jina lake silitaji kwa kuwa si yeye ninayemshtaki. Alitusifu kwa matokeo ya mtihani, akatuahidi tangi la maji, kisha akasema sisi tulale usingizi wa pono kwa sababu vijana wetu wanajeshi wako macho kule Somalia. Tukapiga makofi. Akauliza, "Haya, nani ana swali?" Nami nikainua mkono, nikasimama, nikasema, "Mheshimiwa, vita vya Somalia vitakwisha lini?"

Kimya kikatanda. Mgeni akatabasamu, akasema, "Kijana, wewe soma kwanza. Hayo ya vita waachie wakubwa." Watu wakaangua kicheko. Nikaketi nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Jioni wakati wa kwenda nyumbani, mwalimu wetu wa Kiswahili alinisimamisha langoni. Nilidhani ni adhabu. Kumbe aliniambia hivi: "Swali lako halikuwa baya, ila uliliuliza vibaya. Nani ajuaye vita vitakwisha lini? Mtu ukimwuliza jambo asiloweza kulijibu umempa mlango wa kutorokea. Nenda ufikiri, uandike maswali ambayo hata yeye akiwa mkweli ataweza kukujibu."

Nimefikiri. Na kusema kweli, ambayo inauma kidogo, siku ile sikuuliza ili nijue. Niliuliza ili wenzangu waone kwamba mimi si mwoga. Swali la namna hiyo ni kama jiwe lililofungwa kwa karatasi ya zawadi. Kwa hivyo kabla sijaeleza maswali yangu, naomba nitaje masharti ambayo nimejiwekea. Kwanza, nisimwulize kiongozi siri ambayo adui akiisikia itamwua askari wetu, kama vile kesho watapita njia gani. Pili, nisimwulize swali ambalo ndani yake nimekwisha kumhukumu. Tatu, niwe tayari kumwuliza swali hilo hilo kiongozi wa kabila langu au wa chama ambacho baba anakipenda. Swali likipita hapo, hata liwe kali kama pilipili, ni swali la haki.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Majeshi yetu ya Ulinzi yalivuka mpaka kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mimi nilikuwa sijafika umri wa miaka mitatu. Leo niko Kidato cha Tatu na askari wetu wangali huko. Marais watatu wamepokezana vita hivi: Mheshimiwa Mwai Kibaki aliyevianza, Mheshimiwa Uhuru Kenyatta aliyeapishwa 2013, na Mheshimiwa William Ruto aliyeapishwa 2022. Vita vikishazidi umri wa mtoto kuanzia chekechea hadi sekondari, je, mtoto huyo hana haki ya kuuliza?

Swali la kwanza ni la sababu. Ningeuliza, "Mheshimiwa, sababu mliyotupa siku ya kwanza ndiyo sababu ya leo?" Mwaka wa 2011 sababu ilionekana wazi. Mwezi wa Septemba Mwingereza mmoja aliuawa na mkewe akatekwa nyara karibu na Kiwayu. Mwanzoni mwa Oktoba mama mmoja Mfaransa akatekwa kisiwani Manda. Halafu wafanyakazi wawili wa misaada kutoka Uhispania wakatekwa Dadaab. Siku chache baadaye mawaziri wa Usalama wa Ndani na wa Ulinzi wakatangaza kwamba tutawafuata Al-Shabaab hadi kwao, wakasema sheria ya Umoja wa Mataifa inaruhusu nchi kujikinga. Nani angekataa? Mwizi akiingia bomani mwako mara tatu hungoji ya nne. Lakini Al-Shabaab walikana kwamba wao ndio waliowateka watu hao, na msemaji wa serikali mwenyewe aliwaambia wanahabari mwezi huo huo kwamba mpango wa kuingia Somalia ulikuwako tangu kabla. Sisemi kuwa mpango huo ulikuwa mbaya. Pengine ulikuwa na busara tele. Ninasema tu kwamba mtu ukimtuma mwanao mbali, mweleze sababu yote, usimpe nusu.

Hapa namkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka wa 1978, Mwalimu aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam mwezi wa Novemba, na redio ikaipeleka sauti yake nchi nzima. Akawaambia mambo matatu: kwamba uwezo wa kumpiga adui upo, sababu ipo na nia ipo. Ni Kiswahili chepesi hata nyanya yangu anakielewa. Mimi huona kwamba maneno yale matatu ni kama mtihani ambao kiongozi alijitungia mwenyewe mbele ya watu. Hata hivyo kulikuwa na jambo la nne ambalo hakulitaja, nalo ni mwisho. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini askari wa Tanzania walikaa Uganda hadi 1981. Kumbe hata vita vyenye sababu nzuri vina mkia mrefu.

Swali la pili ni la ruhusa: "Ni nani aliyewaruhusu, na alipewa nafasi ya kukataa?" Katiba yetu ya 2010, ambayo tunaisoma katika somo la Historia na Serikali, inasema katika kifungu cha 132 kwamba Rais anaweza kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 240 nacho kinasema Baraza la Usalama wa Taifa likitaka kupeleka majeshi nje kulinda amani lipate idhini ya Bunge. Katika mwaka ule wa 2011 askari walivuka mpaka Oktoba, na Bunge likaidhinisha wajiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, mwezi wa Desemba. Mtu atasema, hatari haingoji kikao. Kweli kabisa. Nyumba ikiungua hakuna anayeitisha mkutano kwanza. Lakini hebu fikiri: mbunge anayeulizwa baada ya askari kuwa wamekwisha kulala katika matope ya Somalia, atasema nini? Akikataa ataitwa msaliti. Ruhusa inayoombwa baada ya kitendo ni kama mtoto anayesema "naomba mandazi" huku anatafuna.

Swali la tatu ndilo lile langu la kuchekesha, ila nimelinyoosha: "Ni jambo gani likitokea utajua kwamba kazi imekwisha?" Siulizi tarehe sasa. Naulizia alama. Mwishoni mwa Septemba 2012 majeshi yetu yaliutwaa mji wa Kismayu, na nchi nzima ikashangilia. Wengi walidhani huo ndio mwisho. Haukuwa. Kikosi cha AMISOM kilifikia kikomo mwaka wa 2022 kikafuatwa na ATMIS, na ATMIS ikafikia kikomo mwisho wa 2024 ikafuatwa na AUSSOM. Majina yanabadilika kama sare za shule mpya, mvaaji ni yule yule. Mkulima anayepanda mahindi hajui tarehe ya mvua, lakini anajua hindi lililokomaa lina sura gani. Kiongozi naye atuambie hindi lake likikomaa litakuwaje. Je, ni Al-Shabaab kumalizwa wote? Ni jeshi la Somalia kuweza kujilinda? Ni mpaka kutulia kwa miaka kadhaa? Lolote atakalosema, sisi tutaweza kulipima.

Swali la nne linanitoa machozi kila ninapoliandika, nalo ni la hesabu: "Walikuwa wangapi?" Kuna mama mmoja jirani yetu, anauza mboga kando ya barabara ya kwenda stendi. Mwanawe alikuwa mwanajeshi. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliishambulia kambi ya El Adde, na yule kaka hakurudi akiwa hai. Mimi nilikuwa ndio naanza shule ya msingi. Nakumbuka siku ya mazishi: sare safi, mizinga ya heshima, na bendera iliyokunjwa vizuri ambayo mama alikabidhiwa kwa mikono miwili. Walimheshimu sana, mwenyewe husema hivyo kila mara. Bendera ile iko kabatini hadi leo, juu ya vikombe vya wageni.

Siku moja mwaka huu nilimnunulia mama yangu sukuma wiki kwake, nikamwambia kwamba naandika makala hii. Akafunga mboga kwa utaratibu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi siulizi kwa nini alikufa. Askari huenda akijua. Mimi hutaka kujua walikuwa wangapi, ili nijue kina mama wenzangu tuko wangapi."

Msomaji, nilikosa la kusema. Miaka mingi imepita tangu El Adde, na idadi rasmi ya waliokufa haikutangazwa na serikali yetu. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alisema katika mahojiano kwamba walikaribia mia mbili. Wetu walikana, lakini hawakutoa hesabu yao. Mwaka uliofuata, Januari 2017, kambi ya Kulbiyow ikashambuliwa. Jeshi likasema askari 9 walikufa, adui akasema zaidi ya 50. Adui ni mwongo, hilo tunalijua. Lakini pengo la ukweli likiachwa wazi, mwongo ndiye wa kwanza kulijaza. Ninafahamu kuwa siku ya kwanza na ya pili hesabu inaweza kufichwa, ili jamaa wapate habari kwa njia ya heshima, na adui asijue udhaifu wetu. Je, na mwaka wa tano? Na wa nane? Siri hiyo inamficha nani tena?

Swali la tano: "Je, nyumbani tuko salama zaidi, na mnapima kwa kipimo gani?" Tarehe 21 Septemba 2013 Westgate ilivamiwa, wakafa watu 67. Mwaka wa 2014 ikawa Mpeketoni, kisha basi la Mandera, kisha machimbo ya mawe Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri, na kabla ya siku kwisha walikuwa wamekufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Wanafunzi kama sisi, msomaji, ambao walikuwa wamefaulu mtihani tunaouogopa sisi. Januari 2019 ikawa DusitD2, Nairobi, watu 21.

Hapa lazima niwe mwenye haki. Huenda kama askari wetu wasingekuwa Somalia tungezikwa wengi zaidi. Mashambulio yaliyozuiwa hayaandikwi gazetini, na mlinzi mzuri hasifiwi kwa wizi ambao haukutokea. Mtu anayesema "vita ndivyo vilivyoleta Garissa" na anayesema "vita ndivyo vinavyotukinga" wote wawili wanasema kwa urahisi mno. Ndiyo maana siulizi, "Kwa nini mmetuletea mashambulio?" Hilo ni jiwe katika karatasi ya zawadi. Ninauliza kipimo. Mwalimu akitaka kujua kama tumeelewa somo hutupa mtihani. Serikali nayo ina mtihani gani wa usalama, nani anausahihisha, na alama zake tunaweza kuziona?

Swali la sita ni la wasio na bunduki: "Ni nani wanaolipia vita hivi ambao hawakuulizwa?" Darasani mwetu yuko rafiki yangu ambaye ni Msomali, Mkenya mzaliwa wa hapa hapa. Kila bomu likilipuka, yeye hulipia kwa macho ya watu ndani ya matatu. Mwezi wa Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Wengi hawakuwa na hatia yoyote. Ng'ambo ya mpaka nako kuna mama anayeuza mboga kama jirani yangu, ambaye hakumwalika Al-Shabaab wala hakutualika sisi. Na tusisahau kwamba mwezi wa Desemba 2015 basi lilipovamiwa huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo ili wenzao wasiuawe. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Basi anayemtazama Msomali kwa jicho baya ajiulize kama yeye angethubutu kufanya hivyo.

Swali la saba, ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote: "Ungekuwa umekosea, ungejuaje?" Nimelipata swali hili katika hesabu. Sisi tukimaliza hesabu tunahakikisha jibu kwa kurudi nyuma. Kiongozi ambaye kila habari njema kwake ni ushahidi kwamba yuko sawa, na kila habari mbaya pia ni ushahidi kwamba lazima aendelee, huyo hana njia ya kurudi nyuma. Nami sitamcheka akijibu "sijui". Kwa kweli ningemheshimu zaidi. "Sijui, lakini hivi ndivyo nitakavyojua" ni jibu la mtu mzima.

Wako watakaosema kwamba maswali haya yanawavunja askari moyo. Nililifikiri hilo sana, maana sitaki kumvunja moyo mtu anayekesha msituni ili mimi nisome. Lakini je, askari ni nani? Ni mtoto wa mama muuza mboga. Hakuchagua vita, aliapa kutii. Kwa kuwa yeye ameapa kutouliza, inabidi sisi tusioapa tuulize kwa niaba yake. Tukinyamaza sote, nani atakayehakikisha kwamba maisha yake yanatumika kwa jambo lenye thamani? Anayempenda askari kweli hapigi makofi tu gwaride likipita.

Wengine watasema, mbona huwaulizi Al-Shabaab? Al-Shabaab waliua wanafunzi wakiwa mabwenini, na hakuna sababu duniani inayoweza kuliosha jambo hilo. Lakini Al-Shabaab hawaji kutoa zawadi shuleni kwetu. Hawaombi kura ya mama yangu, wala hawalishwi kwa kodi iliyo ndani ya bei ya vitu tunavyonunua. Nauliza wangu kwa sababu ni wangu. Mtu humkosoa ndugu, adui humpiga tu.

Na wewe mwanafunzi mwenzangu uliyecheka siku ile, sikulaumu. Hata mimi ningecheka. Tumezoea kwamba mkubwa akisema "nani ana swali?" maana yake ni "mko tayari kupiga makofi?" Lakini miaka miwili hivi ijayo tutachukua vitambulisho, tutapiga kura, na baadhi yetu hapa hapa watapanga foleni uwanjani kuandikishwa jeshini, wakimbie mbio na kuhesabiwa meno. Pengine ni wewe, pengine ni mimi. Siku hiyo tukitumwa, tungependa kuwa kuna mtu nyuma aliyeuliza vizuri.

Nimemwomba mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili tufanye mjadala juu ya maswali haya muhula ujao, kila upande upewe dakika sawa, na anayetetea vita asizomewe. Mwalimu mkuu amekubali, mradi tusipitishe wakati wa basi la saa kumi na moja. Na mgeni wa heshima akirudi kutuletea lile tangi la maji, nitainua mkono tena. Sitauliza vita vitakwisha lini. Nitasimama wima, nitasema shikamoo, halafu nitamwuliza swali la mama muuza mboga: Walikuwa wangapi?